Rauta ya mtumba inayosahau anwani za IP kila umeme unapokatika

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Tumenunua rauta ya Cisco 1941 iliyotumika ili itenganishe maabara ya wanafunzi na kifaa cha mtoa huduma wa intaneti, ambacho anwani yake ni 192.168.1.1. Poti ya GigabitEthernet0/0 niliipa 192.168.1.2 ikakubali. Ya GigabitEthernet0/1 nikaipa 192.168.1.129, rauta ikagoma na kuandika «overlaps with GigabitEthernet0/0». Rafiki yangu akanishauri nitumie maski 255.255.255.128 pande zote mbili. Malalamiko yakaisha, lakini poti ya pili bado inasema administratively down. Kinachonichosha zaidi ni kwamba nahifadhi kwa copy running-config startup-config, umeme ukikatika rauta inarudi tupu kabisa. Je, imeharibika?

JIBU: Mwalimu, salama. Rauta yako haijaharibika. Una matatizo matatu yaliyokutana kwenye kifaa kimoja, na kila moja lina chanzo chake: moja ni la hesabu ya anwani, jingine ni tabia ya kawaida ya rauta za Cisco, na la tatu ni urithi kutoka kwa aliyeimiliki kabla yenu. Nitaanza na hilo la tatu ingawa umelitaja mwisho, kwa sababu usipoliondoa kwanza, kila kitu nitakachokueleza hapa chini utakiandika upya kila umeme unaporudi.

Rauta ya Cisco ina kumbukumbu mbili zinazokuhusu. Running-config ni mipangilio inayofanya kazi sasa hivi. Inakaa kwenye RAM na hufutika umeme unapokatika. Startup-config inakaa kwenye NVRAM, ambayo hukumbuka hata rauta ikichomolewa. Amri unayotumia ni sahihi, inanakili ya kwanza kwenda kwenye ya pili. Hebu ithibitishe mwenyewe: umeme ukirudi na rauta ikiwa tupu, andika

show startup-config

Ukiziona anwani zako zimetulia humo, basi rauta inahifadhi vizuri. Shida ni kwamba inapowaka haisomi ilichohifadhi. Sababu ya hilo iko kwenye namba moja ndogo, rejista ya mipangilio. Andika show version, ubonyeze kitufe cha nafasi mpaka ufike mstari wa mwisho. Rauta iliyo sawa huonyesha 0x2102. Kwa dalili ulizonieleza, natarajia yako ionyeshe 0x2142.

Namba hizo mbili zinatofautiana kwa biti moja tu, biti ya 6, na kazi ya biti hiyo ni kuiamuru rauta iruke kilichomo kwenye NVRAM inapowaka. Mafundi huiwasha kwa makusudi pale nenosiri linaposahaulika: rauta inawaka bila kusoma mipangilio, fundi anaingia bila kuulizwa kitu, anaweka nenosiri jipya, halafu anatakiwa airudishe rejista kwenye 0x2102. Si ajabu rauta ya mtumba kufika sokoni hatua hiyo ya mwisho ikiwa imerukwa, maana muuzaji anachotaka ni kumwonyesha mnunuzi kwamba kifaa kinawaka na kinafunguka. Dalili yake nyingine ni swali la «Would you like to enter the initial configuration dialog?» linalojitokeza kila unapoiwasha, kana kwamba imetoka kiwandani leo. Swali hilo lijibu no siku zote. Mpangilio wa kuulizwa maswali unachosha na haukufundishi kitu.

Kwa hali yako nakushauri uanze upya. Mipangilio yako bado ni mistari michache, na kati yake imo yenye makosa. Unganisha laptopu kwenye poti ya konsoli, si kwa kebo ya mtandao kwenye poti za kawaida. Kama unatumia PuTTY (programu ya kuzungumza na rauta kutoka kwenye laptopu), chagua Serial, kasi 9600, biti 8 za data, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Kisha:

enable
write erase
configure terminal
config-register 0x2102
end
show version

Mstari wa mwisho sasa utasema rejista ni 0x2142 na itakuwa 0x2102 rauta ikiwaka tena. Zingatia kwamba write erase peke yake isingetosha. Wengi huamini inasafisha kila kitu, kumbe inafuta startup-config tu na haigusi rejista. Ndiyo maana mtu anaweza kufuta na kuandika upya mara nyingi bila kupata nafuu. Andika reload, ikikuuliza kama uhifadhi mabadiliko, jibu no. Ikiwaka itauliza tena lile swali la mwanzo, na safari hii ni halali kuuliza, kwa sababu NVRAM kweli ni tupu.

(Kwa msomaji mwingine mwenye rejista kama hiyo lakini mipangilio yake ni mirefu na ya thamani: usiguse write erase, na usihifadhi chochote rauta ikiwa tupu, maana utafunika mipangilio mizuri kwa karatasi nyeupe. Anza na copy startup-config running-config, kisha ingia kila poti uandike no shutdown, kwa sababu poti zitabaki zimefungwa hata baada ya kunakili. Rekebisha rejista, halafu ndipo uhifadhi.)

Sasa tuje kwenye anwani zenyewe. Hapa naomba tukae, kwa sababu ushauri uliopewa ulinyamazisha rauta bila kutibu ugonjwa.

Kazi ya rauta ni kuunganisha mitandao tofauti. Ikipokea pakiti, inaangalia anwani ya mwisho wa safari na kujiuliza: hii iko upande wa poti ipi? Hujibu swali hilo kwa kutumia anwani pamoja na maski ya kila poti. Maski ndiyo inayokata anwani vipande viwili: sehemu ya mtandao na sehemu ya kifaa. Ukiandika 192.168.1.2 na 255.255.255.0, umesema biti 24 za kwanza ni mtandao, kwa hiyo kila anwani kuanzia 192.168.1.0 hadi 192.168.1.255 iko upande wa poti hiyo. Ukija kuipa poti ya pili 192.168.1.129 kwa maski ileile, umeiambia rauta kwamba anwani zilezile 256 ziko pia upande wa pili. Pakiti ya kwenda 192.168.1.50 ipite wapi? Neno overlaps maana yake ni hiyo: maeneo mawili yamepandiana. Rauta ilikuwa inakulinda.

Maski 255.255.255.128, yaani /25 (biti 25 za kwanza ni mtandao), inaukata mtandao ule katikati: 192.168.1.0 hadi 127 upande mmoja, 128 hadi 255 upande mwingine. Kwa rauta hesabu imekaa sawa, ndiyo maana ilinyamaza. Lakini kifaa cha mtoa huduma hakijui lolote kuhusu mgawanyo huo. Chenyewe bado kinaamini anwani zote za 192.168.1 ziko kwenye waya wake. Kikigawa anwani kwa DHCP (utaratibu wa kuvipa vifaa anwani bila mtu kuziandika) kinaweza kumpa mtu wa ofisi ya mkuu wa shule 192.168.1.140 hali anwani hiyohiyo ipo kwenye kompyuta ya maabara. Na ubaya wa mpangilio huu ni kwamba unaweza kuonekana unafanya kazi: rauta za Cisco kwa kawaida hujibu ARP (swali la «nani ana anwani hii?» linalopigwa kwenye waya) kwa niaba ya vifaa vilivyo nyuma yao, hivyo baadhi ya pakiti zitafika. Utaishi na mtandao unaokwenda leo na kukwama kesho, na hutajua kwa nini. Mimi hupendelea mtandao uliokufa kabisa kuliko wa namna hiyo, kwa sababu uliokufa unakuonyesha mahali pa kushika.

Tiba ni kuipa maabara mtandao wake, wenye namba zisizoingiliana na za mtoa huduma. RFC 1918, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1996, ilitenga maeneo matatu ambayo yeyote anaweza kuyatumia ndani ya jengo lake bila kuomba ruhusa: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Hilo la katikati huwachanganya watu; linaishia 172.31.255.255, na anwani inayoanza na 172.32 si ya kwako. Kwa maabara moja chukua 192.168.20.0/24. Inakupa anwani 254 za kutumia, kwa sababu ya kwanza kabisa ni jina la mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote. Ukijaribu kuipa poti anwani ya 192.168.20.0, rauta itajibu «Bad mask /24 for address 192.168.20.0», na sasa unajua inamaanisha nini.

Kabla ya kugusa kibodi, chora kwenye karatasi. Upande wa nje: kifaa cha mtoa huduma 192.168.1.1, rauta 192.168.1.2, maski 255.255.255.0. Upande wa ndani: rauta 192.168.20.1, kompyuta kuanzia 192.168.20.21 kwenda juu. Hakikisha pia 192.168.1.2 haimo kwenye fungu ambalo kifaa cha mtoa huduma kinaligawa kwa DHCP. Utaliona ukiingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Karatasi hiyo ibandike ndani ya mlango wa kabati la rauta, atakayekuja baada yako atakushukuru.

Kisha andika:

enable
configure terminal
hostname MAABARA
no ip domain-lookup
interface GigabitEthernet0/0
description Kwenda kwa mtoa huduma
ip address 192.168.1.2 255.255.255.0
no shutdown
interface GigabitEthernet0/1
description Swichi ya wanafunzi
ip address 192.168.20.1 255.255.255.0
no shutdown
exit
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 192.168.1.1
end

Mstari wa no ip domain-lookup hauna uhusiano na anwani, ila utakuokolea muda. Bila huo, ukikosea herufi moja ya amri rauta hudhani umetaja jina la kompyuta, huanza kulitafuta, na wewe unabaki unaitazama skrini. Ikikutokea kabla hujauandika, Ctrl+Shift+6 huikatiza.

No shutdown ndilo jibu la lalamiko lako la pili. Poti za rauta ya Cisco isiyo na mipangilio huwa zimefungwa, na kuipa poti anwani hakuifungui. Swichi ni tofauti, poti zake huwa wazi, ndiyo maana waliozoea swichi hukwama hapa. Elewa pia kwamba ukirudia ip address kwenye poti ileile kwa namba mpya, ya zamani inaondoka, haziongezeki. Ukitaka poti ibebe anwani mbili, ya pili hufuatiwa na neno secondary, lakini kwa maabara yako huihitaji.

Angalia matokeo:

show ip interface brief

Utaona jedwali. Ukikuta mstari wa Embedded-Service-Engine0/0 juu kabisa, usihangaike nao, ni sehemu ya ndani ya 1941 na hautumiwi hapa. Soma safu mbili za mwisho, Status na Protocol, kwa pamoja. Administratively down ni wewe au mtu mwingine aliyefunga. Down na down bila neno administratively ni waya: kebo imechomoka, imekatika, au kifaa cha upande wa pili kimezimwa. Up na down, mara nyingi pande mbili hazielewani jinsi ya kuzungumza kwenye waya. Up na up ndiyo unayoitafuta. Safu ya Method pia ina maana kubwa kwako: sasa hivi itasema manual, kwa sababu umeandika kwa mkono.

Jaribu ping 192.168.1.1, yaani kukiuliza kifaa hicho kama kinajibu. Huenda ukaona nukta moja ikifuatiwa na alama nne za mshangao, na kiwango cha mafanikio asilimia 80. Usiogope. Pakiti ya kwanza ilipotea wakati rauta ikitafuta kwa ARP anwani ya kadi ya mtandao ya jirani yake; rudia na zote tano zitapita. Kisha ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyo kwenye intaneti. Ikifika, rauta yenyewe ina intaneti.

Hapo wengi hufunga kabati na kuondoka, halafu wanafunzi wanalalamika kwamba hakuna kinachofunguka. Rauta inapopiga ping kwenda nje hutumia anwani ya poti ya nje, 192.168.1.2, ambayo kifaa cha mtoa huduma kinaijua. Kompyuta ya maabara inatoka na 192.168.20.21. Pakiti yake inakwenda, lakini jibu likirudi, kifaa cha mtoa huduma hakijui mtandao wa 192.168.20 uko wapi. Unaweza kuuona upungufu huu bila kutoka kwenye kiti:

ping 8.8.8.8 source GigabitEthernet0/1

Itashindwa. Kama una uwezo wa kuongeza njia kwenye kifaa cha mtoa huduma, ongeza njia ya 192.168.20.0/24 kupitia 192.168.1.2. Mara nyingi hawakupi uwezo huo, au kifaa kinakataa kuhudumia mtandao usio wake, hivyo tumia NAT, ambapo rauta inazivika kompyuta zote za ndani anwani yake ya nje:

configure terminal
access-list 1 permit 192.168.20.0 0.0.0.255
ip nat inside source list 1 interface GigabitEthernet0/0 overload
interface GigabitEthernet0/0
ip nat outside
interface GigabitEthernet0/1
ip nat inside
end

Ile 0.0.0.255 si kosa la uchapaji. Kwenye access-list Cisco hutumia maski iliyogeuzwa: sifuri inamaanisha lazima ifanane, 255 inamaanisha namba yoyote. Neno overload ndilo linaloruhusu kompyuta nyingi kutoka kwa anwani moja. Usilisahau. Rudia ile ping yenye source. Safari hii itapita.

Kompyuta za wanafunzi nazo zinahitaji anwani, na kuzipa moja baada ya nyingine kwa mkono ni kujitafutia kazi. Iache rauta izigawe:

configure terminal
ip dhcp excluded-address 192.168.20.1 192.168.20.20
ip dhcp pool WANAFUNZI
network 192.168.20.0 255.255.255.0
default-router 192.168.20.1
dns-server 8.8.8.8
end

Zile ishirini za mwanzo zimewekwa kando kwa ajili ya rauta, printa, seva na chochote kinachotakiwa kisibadilike anwani.

Sasa hifadhi kwa copy running-config startup-config, na chomoa waya wa umeme kwa makusudi. Uurudishe, subiri iwake, kisha andika tena show ip interface brief. Anwani zako zitakuwepo, na safu ya Method itasema NVRAM badala ya manual. Neno hilo ni ushahidi kwamba rauta imesoma yenyewe ilichohifadhi. Fanya jaribio hili ukiwa bado na laptopu mkononi, usingoje umeme ukukatikie katikati ya kipindi cha mtihani.

Rauta hii ni ya zamani na Cisco haiitolei tena marekebisho ya usalama, kwa hiyo ibaki nyuma ya kifaa cha mtoa huduma kama ulivyoipanga, usiiweke uso kwa uso na intaneti. Weka enable secret yenye nenosiri refu, na uzime ukurasa wake wa wavuti kwa no ip http server na no ip http secure-server, kwa kuwa unaisimamia kwa konsoli.

Jambo la mwisho ni la siku utakapoanza kuisimamia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye rauta kupitia mtandao) ukiwa chumba kingine au mji mwingine, na ukahitaji kubadilisha anwani ya poti ileile uliyoingilia. Ukibonyeza Enter, mawasiliano yanakatika hapohapo, na ukiwa umekosea namba hata moja, itabidi usafiri kuifuata rauta. Kabla ya kubadilisha, hifadhi ilivyo sasa, kisha andika:

reload in 10

Umeipa rauta dakika 10. Fanya badiliko lako, usilihifadhi. Ukipotea nje, tulia. Muda ukiisha rauta itajizima na kuwaka tena kwa mipangilio ya zamani, nawe utaingia kama kawaida na kuona ulipokosea. Badiliko likifanya kazi, ingia kwa anwani mpya, andika reload cancel, ndipo uhifadhi.